Msiidharau Mistari ya Chini

Imekuwa ada ya watengenezaji wa programu za kompyuta, kila watoapo toleo jipya la kazi yao, kulitanguliza jambo moja kubwa juu ya tangazo, wakalipamba kwa sifa na picha za rangi, kisha yaliyosalia wakayapanga chini kwa herufi ndogo, mstari mmoja mmoja, pasipo sifa wala picha. Na aghalabu msomaji, hasa akiwa ni mkuu wa idara ambaye saa zake zimekwisha gawanywa baina ya vikao, husoma lile la juu, akaridhika au akaghadhibika, akaufunga ukurasa. Rai yangu katika makala haya ni kwamba, mintarafu ya aina moja ya programu, nayo ni ile inayoangalia afya ya mitambo ya kompyuta usiku na mchana, yanayostahili kusomwa kwanza ni hayo ya chini. Na kwamba ofisi inayonunua, inayobadilisha au inayosasisha programu hiyo kwa kutazama mstari wa juu peke yake, inaamua pasipo kujua inaamua nini.

Kazi ya programu ya uangalizi si ngumu kuielezea. Kila baada ya muda uliopangwa, tuseme sekunde 30 au dakika moja, huiuliza kila seva, kila swichi na kila hifadhidata iliyo chini ya ulinzi wake: diski yako imejaa kiasi gani, kumbukumbu yako imebaki kiasi gani, wateja wako wanajibiwa baada ya muda gani? Majibu huyahifadhi, huyalinganisha na mipaka aliyoiweka fundi, na mpaka ukivukwa hupiga kengele, yaani hutokeza mstari wa rangi katika skrini na kupeleka ujumbe kwa simu au kwa barua pepe. Benki, kampuni za simu, hospitali zilizokwisha yahamishia mafaili ya wagonjwa katika kompyuta, bandari na mamlaka za kodi, zote zina chumba, au angalau meza moja, ambako mtu huketi akiitazama mistari hiyo. Na usiku mtu huyo huwa peke yake.

Mfano wangu mkuu utakuwa Zabbix, kwa sababu ni programu huria isiyodai ada ya leseni, na kwa hiyo hukutwa hata katika ofisi ambazo fungu lake la fedha halitoshi kununua zile za bei ghali. Aliianza Alexei Vladishev mwaka 1998, ikiwa ni kazi ya ndani ya benki moja, akaitoa hadharani mwaka 2001; toleo la 1.0 likaja mwaka 2004, na mwaka uliofuata ikaundwa kampuni yenye makao yake Riga, mji mkuu wa Latvia. Tangu hapo matoleo yamefuatana, na kila moja lilikuwa na jambo lake kubwa la kupigiwa mbiu. Lakini mtu akimwuliza mhudumu wa zamu ni lini kazi yake ilipata nafuu, hatayataja hayo ya mbiu. Atataja kisanduku fulani kilichoongezwa katika fomu.

Maana maradhi makubwa ya kazi hii si uchache wa kengele, bali ni wingi wake. Mlinzi wa ghala anayepiga filimbi kila paka apitapo ukutani hatakuwa na wa kumtokea usiku atakapokuja mwizi, na lawama haitakuwa ya majirani peke yao. Mhudumu aliyekwisha pokea ujumbe mia mbili tangu magharibi, na akajua kwa uzoefu kwamba karibu wote haukutaka lolote kwake, huo unaofuata hausomi. Huugusa kwa kidole, ukaondoka. Wakubwa humwita mzembe. Hasha, si mzembe: amefundishwa na mtambo kwamba kengele ni kelele, naye amefuzu somo alilofundishwa.

Wenzetu wa viwanda vya mafuta waliyajua haya kwa gharama kubwa kabla yetu. Tarehe 24 Julai 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco karibu na Milford Haven, nchini Wales, radi ya asubuhi iliivuruga mitambo. Vali moja ikabaki imefungwa ilhali kompyuta ya waendeshaji ikionyesha kuwa i wazi, mafuta yakaendelea kusukumwa ndani ya chombo kisichokuwa na pa kuyatolea, na baada ya takriban saa tano pakatokea mlipuko uliojeruhi watu 26. Wachunguzi wa serikali ya Uingereza walikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walitakiwa kuzitambua na kuzishughulikia kengele 275. Gawanya mwenyewe, msomaji: ni kengele moja katika kila sekunde mbili na ushei. Saa tano zilikuwapo za kufikiri, na ishara za chombo kinachofurika zilikuwapo, lakini zilifikishwa kwa namna ambayo hapana binadamu awezaye kuzipokea.

Sasa tuyatazame hayo madogo, na tuanze na diski ya seva ya hifadhidata, iliyowekewa mpaka wa asilimia 90. Usiku, kazi za kufunga hesabu za siku huandika mafaili ya muda na kuyafuta, huandika tena na kufuta tena. Diski ikapanda hadi 91, ikateremka hadi 89, ikapanda, ikateremka. Kila kupanda ni ujumbe wa hitilafu, na kila kuteremka ni ujumbe wa heri kwamba hitilafu imekwisha, hata ikafika alfajiri simu imelia mara arobaini kwa jambo ambalo halijawa jambo. Toleo la 3.2 la Zabbix, la Septemba 2016, liliigawa kanuni ya kengele sehemu mbili: ya kwanza yasema hitilafu ianze lini, ya pili yasema ihesabiwe lini kuwa imekwisha. Diski ikivuka 90 kengele hulia, wala hainyamazi hadi diski iteremke chini ya 80, na baina ya namba hizo mbili hapasemwi kitu. Si kwamba hapo kabla haikuwezekana. Iliwezekana kwa wajuzi, kwa kuandika kanuni ndefu iliyojiuliza hali yake yenyewe kabla ya kujijibu, na fundi aliyeiandika akihama, aliyemrithi aliiogopa kuigusa. Kilichoongezwa ni nafasi moja ya kuandikia, na kwa nafasi hiyo elimu ya wachache ikawa mali ya kila fundi.

Jirani yake Prometheus, iliyozaliwa mwaka 2012 katika kampuni ya muziki ya SoundCloud mjini Berlin, na ambayo leo ndiyo kipenzi cha mafundi vijana, iliifikia haja hiyo hiyo kwa njia nyingine. Kanuni zake tangu zamani ziliweza kuamriwa zingoje kabla ya kulia, yaani jambo lidumu dakika kadhaa ndipo kengele ipigwe. Lakini hazikuweza kuamriwa zingoje kabla ya kunyamaza, kwa hiyo hitilafu yenye kuja na kuondoka ilimtesa mhudumu vile vile. Ruhusa ya kuichelewesha kengele inyamaze ilikuja katika toleo la 2.42, mwanzoni mwa 2023. Programu iliyopimia mitambo mikubwa kabisa ya dunia ilikaa zaidi ya miaka kumi pasipo jambo ambalo fundi yeyote wa jokofu angelifikiria siku ya kwanza! Silisemi hilo kwa kejeli. Nalisema kwa kuwa ladhihirisha jinsi haja ndogo zinavyokawia kusikika pale ambapo wenye kuzihisi si wale wenye kupanga.

Katika yote, mimi nimelipenda zaidi badiliko la toleo la 6.2 la Zabbix, la Julai 2022, na nitalikalia kidogo, maana ndani yake mna tabia ya watu kuliko tabia ya mitambo. Chukulia kwamba ni saa nane za usiku, na feni ya swichi moja katika tawi la mbali imekufa. Swichi yafanya kazi, joto halijapanda, feni nyingine ipo na itapelekwa kwa basi la asubuhi. Mstari wa rangi ya chungwa umetokea katika skrini na utakuwapo hadi kesho jioni, ukikumbusha lisilohitaji kukumbushwa. Mhudumu wa zamani alikuwa na njia tatu, na zote zilikuwa na ila. Aliweza kuukiri mstari, yaani kuandika kwamba nimeuona, nao ukabaki pale pale mbele ya macho. Aliweza kukiweka kifaa kizima katika muda wa matengenezo, ambapo aghalabu hunyamazishwa pamoja na feni mambo mengine ambayo hayakupaswa kunyamazishwa, hata swichi yenyewe ikizimika hapana atakayeambiwa. Au aliweza kuizima kanuni ya feni moja kwa moja. Na kanuni iliyozimwa na mtu mmoja saa nane za usiku, nani ataiwasha?

Katika toleo hilo la 6.2, ukiubofya mstari wa hitilafu hufunguka fomu ndogo: pana mahali pa kuandika maelezo, pana kubadilisha uzito wa hitilafu, pana kuikiri, na pameongezwa kisanduku cha kuisitiri. Ukikitia alama unaulizwa, mpaka lini? Na jibu limekwisha kuwekwa tayari kwa ajili yako: sasa, na siku moja mbele. Waweza kuandika muda wa saa nane badala ya siku, au tarehe kamili. Mstari hutoweka katika orodha, ujumbe hukoma, na muda ukiisha, ikiwa feni bado ni mbovu, mstari hurudi wenyewe pasipo kuitwa na mtu. Jina la aliyeusitiri na saa aliyousitiri yamo katika kumbukumbu. Mtu ameruhusiwa kulinyamazisha jambo moja, kwa muda mmoja, kwa jina lake. Na nadhani katika ofisi nyingi hata nje ya chumba cha kompyuta tungefaidika tukiwa na utaratibu wa namna hiyo.

Kasoro ninayoiona ni kwamba karibu na jibu hilo la siku moja wameweka jibu jingine, nalo ni kusitiri pasipo kikomo. Najua watasema mteja huheshimiwa kwa kupewa ikhtiari. Walakini mtu aliyechoka, ikiwa mbele yake pana njia ya kulimaliza jambo leo na njia ya kuliahirisha hadi kesho, hachagui ya kesho. Baada ya mwaka mmoja orodha ya yaliyositiriwa bila kikomo huwa ndefu kuliko orodha ya yanayoonekana, na skrini safi ya rangi ya kijani huonyeshwa wageni kwa fahari. Lau ningekuwa na amri, ningeliondoa jibu hilo, au ningelidai saini ya mkuu wa zamu.

Lililofuata, katika toleo la 6.4 la Machi 2023, ni ruhusa ya kuitenga hitilafu iliyo asili na zile zilizo dalili zake tu. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kutafuta mfano ng'ambo. Siku ya Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ambazo ndizo zinazotuunganisha na dunia kwa upande wa kusini, zilipata hitilafu huko baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za ukanda huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Haihitaji ilhamu kujua skrini ya uangalizi huonekanaje saa kama hiyo: njia za nje za kila ruta, barua pepe, malipo ya kadi, huduma zilizokodishwa kwenye seva za Ulaya, matawi yaungwayo kwa kupitia nje, yote hayo hulia kila kimoja kwa jina lake, mamia ya mistari kwa chanzo kimoja kilicho chini ya maji, mbali na mkono wa fundi yeyote wa ofisi hiyo. Kwa badiliko hili, mhudumu huichagua hitilafu ya asili, akaziweka nyingine zote chini yake; skrini ikabaki na mstari mmoja wenye idadi ya dalili pembeni, na jumbe za dalili zikasimama. Ndipo apatapo nafasi ya kuona kwamba miongoni mwa mistari ile mamia mna mmoja usiohusiana na waya wa baharini: diski ya hifadhidata yake mwenyewe imejaa.

Lakini insafu yanidai niseme kwamba hapa mtambo haumwambii mtu lipi ni asili na lipi ni dalili. Mtu ndiye auambiaye, kwa kuchagua mistari kwa mkono au kwa kuandikiwa na fundi programu ndogo ya kuichagulia. Ile njia ya kale, ya kuziandika kanuni tangu mapema kwamba hii isilie ikiwa ile imekwisha kulia, ingali bora kila inapowezekana, kwa kuwa hiyo hufikiriwa mchana, na mtu akiwa ametulia.

Watengenezaji nao hubishana na watumiaji wao katika hiyo mistari ya chini, na kisa kimoja cha Microsoft kinafaa kusimuliwa. Katika programu yao ya uangalizi iitwayo System Center Operations Manager ilikuwako tabia iliyowaponza mafundi wengi: kengele iliyotokana na kipimo cha afya iliweza kufungwa na mtu ilhali kipimo chenyewe kingali chekundu, na kwa kuwa kipimo hakikubadilika hali, hakikuwa na sababu ya kupiga kengele nyingine. Hitilafu ikawa ipo, wala hapana mahali inapoonekana katika orodha ya kengele. Toleo la 2019 likapiga marufuku: kengele ya namna hiyo haifungiki maadamu kipimo ni kigonjwa, na anayejaribu hupewa ujumbe wa kukataliwa. Desturi za miaka zikavunjika, maana wengi walizoea kufunga kengele kwa mkono, na wengine waliiunganisha programu hiyo na mifumo yao ya tiketi iliyozifunga yenyewe. Toleo la 2022 likarudisha hiari, kwamba msimamizi mkuu aamue kama ofisi yake itaruhusu au haitaruhusu. Mimi ni wa upande wa 2019. Kengele hufungwa kwa kuponya kilichoiliza, na ofisi ambayo mfumo wake wa tiketi huhesabu ubora wa kazi kwa idadi ya tiketi zilizofungwa imekwisha jidanganya kabla ya programu kuidanganya. Ila naikubali hoja moja ya wapinzani wangu: amri iliyo njema ikishushwa ghafla juu ya desturi ya miaka kumi, bila ya muda wa kujitayarisha, huzaa hila za kuikwepa, na hila hizo huwa mbaya kuliko desturi yenyewe.

Pana balaa lililo zito kuliko kengele nyingi, nalo ni kengele iliyokufa pasipo mtu kujua. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulizimika kaskazini mashariki ya Marekani na katika jimbo la Ontario la Canada, watu wapatao milioni 50 wakakaa gizani. Katika chumba cha kuongozea umeme cha kampuni ya FirstEnergy huko Ohio, programu ya kengele ilikoma kufanya kazi baada ya saa nane na robo mchana. Haikutoa ishara ya kufa kwake, na waendeshaji, wasipoona kengele, wakadhani mambo ni shwari, hata nyaya zilipoanza kugusa miti na kuzimika moja baada ya moja. Walipigiwa simu na wenzao wa nje wakiulizwa kulikoni, nao hawakuwa na lolote la kuonyesha. Na lililo la ajabu zaidi ni hili: mafundi wa kompyuta wa kampuni hiyo walikwisha pata ujumbe wa mitambo kwamba seva imeanguka, wakaishughulikia seva, ila hawakuvuka kwenda kuwaambia waendeshaji kwamba kengele zao hazilii tena.

Kwa hiyo uangalizi wowote wa maana lazima uwe na kanuni ya kukitambua kimya: kifaa kisipoleta kipimo kwa muda uliowekwa, hilo lenyewe ni hitilafu. Zabbix inayo kanuni hiyo tangu zamani, na dhiki yake ilikuwa katika matawi. Ofisi zenye matawi ya mbali huweka kila mahali seva ndogo iitwayo proksi, inayokusanya vipimo vya hapo na kuvipeleka makao makuu. Njia ya mtandao ikikatika dakika 20, proksi huendelea kukusanya, hakuna kilichopotea. Lakini makao makuu huona kimya, na kanuni zote za kimya za tawi lile hulia kwa pamoja. Baada ya misimu miwili ya mvua, na mvua yaijua njia ya mtandao, fundi alikuwa na sababu ya kuzizima. Tangu toleo la 5.0, la Mei 2020, kanuni hiyo huitazama kwanza proksi: ikiwa kimya kimeletwa na kukatika kwake, hungoja mkusanyo uliochelewa ufike ndipo ihukumu. Wala mtumiaji haombwi kulichagua hilo. Ndivyo lilivyo ila akitaka vingine. Mdharau mwiba mguu huota tende, na huu ni mwiba uliong'olewa kimya kimya, katika mstari ambao nadhani wengi waliusasisha bila ya kuusoma.

Toleo hilo hilo lilileta kitufe cha kukijaribu kipimo kabla ya kukihifadhi, ili fundi aone jibu papo hapo badala ya kungoja na kukisia. Lile la 4.0, la Oktoba 2018, lilileta kitufe cha kuulizia kipimo sasa hivi, pasipo kungoja zamu yake. Sitayarefusha hayo, aliyewahi kusimama mbele ya mkubwa wake akisema ngoja kidogo, bwana, kipimo kitakuja baada ya saa moja, ameshaelewa.

Najua yatakayosemwa kunijibu, na baadhi yake ni kweli. Itasemwa kwamba mistari ya chini haiji peke yake: ili kukipata kisanduku kimoja yakupasa kulipokea toleo zima, na kusasisha Zabbix kutoka toleo kubwa hadi jingine si jambo la kufanywa kabla ya chai. Seva mpya ikiwashwa mara ya kwanza huubadilisha muundo wa hifadhidata, na baada ya hapo hapana njia ya kurudi nyuma isipokuwa kwa nakala iliyohifadhiwa kabla. Ndiyo maana wengi hukaa katika matoleo ya kudumu, yale yanayohudumiwa kwa miaka mitano, nao wana haki. Itasemwa pia kwamba yako makubwa yaliyo makubwa kweli, na mimi silikani: toleo la 7.0 la Juni 2024 liliziwezesha proksi kuwekwa katika kundi, zikagawana mzigo, na moja ikianguka nyingine zikabeba kazi yake. Kwa ofisi yenye matawi mengi hiyo si mbwembwe.

Lakini ahadi inayopigiwa mbiu zaidi siku hizi ni ya akili mnemba, kwamba mtambo utajifunza wenyewe ipi ni kengele ya kweli na ipi si kengele, na mhudumu wa usiku akalale. Huenda. Ila mtambo hujifunza kwa kumbukumbu tulizouwekea, na kumbukumbu zetu ni za miaka ya kengele zilizofungwa bila ya kusomwa, hitilafu zilizositiriwa bila ya kikomo, na kanuni zilizozimwa na watu waliokwisha acha kazi. Mwanafunzi wa kitabu hicho atahitimu katika kupuuza. Ofisi inayoitaka akili hiyo ingeanza kwa kuzitumia barabara nafasi ndogo ilizokwisha pewa bure: mpaka wa kuanza na mpaka wa kuisha, muda wa kusitiri wenye mwisho, asili iliyotengwa na dalili.

Nawaomba basi wakuu wa idara za mitambo jambo moja. Litakapotangazwa toleo lijalo la programu mnayoitumia, iwe hiyo niliyoitaja au nyingine, chapisheni tangazo lote, la juu na la chini, wapeni watu wa zamu ya usiku, na muwape pia saa moja ya mchana, wakiwa wamekwisha lala, walisome na kalamu mkononi. Yale watakayoyapigia mstari ndiyo yawe sababu yenu ya kusasisha. Na wasipopiga mstari wowote, bakini mlipo.